Herufi Mbili za Bi Nukta

Kinyozi wa mtaani aliwahi kuandika ukutani kwake, kwa rangi nyekundu na herufi za kujidai, TUNANYWA NDEVU. Watu walipita hapo wiki nzima. Wengine walicheka kimoyomoyo, wengine hawakuona kitu. Bi Nukta alipita mara moja tu. Alisimama na mfuko wake wa mboga, akamwita kinyozi nje, akamwuliza kwa adabu zote, "Mnazinywa na sukari au hivyo hivyo?" Kinyozi alisoma ukuta wake mara nne ndipo akaelewa. Tangu siku hiyo hakuandika hata bei ya kunyoa mtoto bila kwanza kumpelekea Bi Nukta karatasi.

Hilo la Nukta ni jina la utani alilopewa kiwandani. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja, na kila kilichotoka pale, kuanzia vitabu vya shule hadi kadi za harusi, kilipita kwanza chini ya kalamu yake nyekundu. Hakuolewa. Mpangaji herufi mmoja wa kiwandani alimwandikia barua ya mapenzi, kurasa mbili, naye akairudisha na alama nyekundu kumi na moja, na chini yake maneno haya: "Nimekubali, ila andika upya." Mwanaume yule alisoma zile alama kumi na moja, akafa moyo, asifike kwenye mstari wa chini. Alikuja kuuona miaka mingi baadaye, ana mke na wajukuu. Bi Nukta alikuwa akikisimulia kisa hiki huku akicheka mpaka anafuta macho, na aliyekuwa akisimuliwa, mara nyingi sana, ni Fundi.

Fundi alikuwa binti wa kaka yake. Baba alifariki Fundi akiwa na miaka sita, mama akaolewa mbali, na shangazi akamchukua yeye na sanduku lake la nguo bila mjadala. Alimlea katika nyumba yake ya vyumba viwili na baraza, nyumba aliyoijenga mwenyewe polepole, chumba kimoja kila alipopata. Fundi alipokua akachagua kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, kazi ambayo ukoo mzima uliiona ya mkosi, na zaidi kwa mwanamke. Shangazi peke yake hakukunja uso. "Kwenye karatasi nitakusahihisha," alimwambia. "Huko kwenye mawe utajijua mwenyewe." Alisema tu. Kila jioni akitoka kazini alipitia karakana ya Fundi, akavaa miwani, akasoma kila jiwe kabla patasi haijaligusa.

Alikuwa na namna yake ya kusoma. Alianza na neno la mwisho akarudi nyuma hadi la kwanza, kidole kikienda herufi kwa herufi. "Ukisoma kwa mbele maana inakubeba," alieleza. "Jicho linaona kile kilichotakiwa kuwepo. Soma kutoka nyuma, uone kilichopo. Halafu soma kwa mbele mara moja, ujue kama mtu amesema alichokusudia." Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata kwa rafiki: "Ukiona kosa ukanyamaza, usimlaumu aliyeandika. Limeshakuwa lako."

Basi mtu wa namna hiyo, mwenye maneno yote kichwani yamepangwa kwenye safu zake, alianguka asubuhi moja akijifunga kiatu. Kiharusi. Kilichukua upande wa kulia wote, pamoja na mkono wa kalamu, na kikachukua maneno. Likabaki moja tu. Bado.

Alikuwa akilitumia kwa kila kitu. Bado ya njaa ilikuwa fupi. Bado ya maumivu ilivutwa mwishoni. Bado ya kuchekeshwa ilitoka puani, na ya kushukuru ilisemwa kwa macho kufumbwa. Wageni walisikia neno moja. Fundi alisikia lugha nzima, na baada ya miezi michache aliweza kuwa jikoni, mgongo kwa mlango, akajua kama shangazi anataka maji au anataka kugeuzwa.

Kugeuzwa kulikuwa kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda. Fundi alihamishia kazi zake za kuchonga nyumbani, barazani, ili asikie. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko kidogo cha chai, alifua mashuka hadi ngozi ya vidole ikabanduka. Kila Jumapili alikuja yule mpangaji herufi wa zamani, sasa mzee mstaafu mwenye miwani minene. Alimsomea Bi Nukta gazeti, na likitokea kosa Bi Nukta aliligonga kwa kidole cha kushoto, na mzee akatikisa kichwa na kusema, "Vijana wa siku hizi." Hao ndio waliokuwa wanamuuguza, mtu mmoja na nusu, kwa miaka minne.

Sasa tuje kwa baba mdogo, mdogo wake Bi Nukta, maana hadithi hii ina deni lake na linamhusu yeye.

Baba mdogo watu walimwita Msemaji. Penye kipaza sauti hakosi, na akikishika hakiachi. Katika miaka hiyo minne alifika kumwona dada yake mara tatu. Mara ya kwanza alipiga picha kando ya kitanda, ameushika ule mkono usiohisi chochote, akaituma kwa ukoo mzima na maneno ya kutia huruma. Mara ya tatu alichelewa, akakuta amekufa. Ya kati ndiyo yenye kesi.

Hiyo ya kati, katika mwaka wa pili, alikuja na mwanaume mwenye mkoba na karatasi za kuuzia nyumba. Alimweka Fundi kitako, akamwita mwanangu kila baada ya sentensi. Kuna hospitali kubwa, alisema, wanawafundisha wagonjwa wa kiharusi kusema upya. Nyumba ikiuzwa dada atapelekwa. Atasema, mwanangu. Atakuita tena kwa jina lako. Fundi, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hajasikia jina lake kinywani mwa shangazi, alilainika. Kilichobaki kilikuwa dole gumba la mwenye nyumba. Mtu wa mkoba akafungua kidau cha wino. Bi Nukta alitazama karatasi akasema bado. Akarudia, bado. Kidole kilipokaribia wino akasema mara ya tatu, bado.

"Ndilo neno lake hilo," baba mdogo alimwambia mgeni huku akicheka. "Hana jingine." Fundi alishika kifundo cha mkono wa kushoto wa shangazi, akakielekeza, na alama ya dole ikakaa vizuri mahali pake.

Hospitali haikuonekana. Kwanza ilikuwa foleni, kisha daktari amesafiri, kisha simu haipokelewi. Kilichoonekana ni duka jipya la vifaa vya ujenzi la baba mdogo, lenye mabati yanayong'aa mpaka yanaumiza macho. Bi Nukta alihamishiwa kwenye chumba cha nyuma cha karakana, penye dirisha moja na vumbi la mawe ambalo Fundi alilifagia mara sita kwa siku na bado lilimkohoza mgonjwa. Alikufa humo asubuhi ya siku ya kazi, Fundi amemgeuza upande wa dirisha dakika kumi tu kabla.

Mazishini Msemaji alikishika kipaza sauti kama kawaida yake. Alilia vizuri, kwa vituo. Kisha akasema, "Dada yetu ameugua muda mrefu. Tulimuuguza. Ndugu zangu, acheni tu. Tulimuuguza."

Fundi alikuwa amesimama nyuma, miguu imevimba kwa uchovu wa siku zile. Lile neno lilimchoma. Si kuuguza kulikomchoma, ni ile "tuli" ya mbele. Tuli nani? Alipokuwa akiosha mashuka, huyu "tu" alikuwa wapi? Akala kiapo palepale kaburini, na hakikuwa kiapo kizuri cha kumwambia mtu. Aliapa kwamba baba mdogo ataaibika mbele ya watu walewale aliojisifu mbele yao, na neno hilo hilo ndilo litakalomwaibisha. Alikuwa hajui kwa njia gani. Kwa muda wa miezi minane alilichonga jiwe la kila mtu isipokuwa la shangazi, na kila alipogonga patasi aliona paji la uso wa baba mdogo. Kazi zake za miezi ile zilikuwa na mikato yenye kina kuliko kawaida. Wateja walisifu.

Mwezi wa tisa baada ya mazishi baba mdogo aliingia karakana mwenyewe, kofia mkononi, simu sikioni. Ukoo umeamua kusimika jiwe, na nani wa kulichonga kama si mtoto wa nyumbani. Fundi alimpa karatasi ya vyumba vidogo vya herufi kama anavyompa kila mteja. Utaratibu wa karakana ulijulikana: mteja anaandika mwenyewe, herufi kubwa, moja kwa kila chumba, kisha anaweka sahihi chini ya maneno NIMESOMA, NI SAHIHI. Fundi aliuweka utaratibu huo baada ya mjane mmoja kumgombeza kwamba mumewe alizaliwa Machi na jiwe linasema Mei. Lakini hata hivyo kila karatasi aliisahihisha kabla ya kuichonga, hata za watu asiowapenda, na hakuna aliyewahi kuwekewa kosa. Ilikuwa heshima ya shangazi.

Baba mdogo aliandika akiongea na simu kuhusu misumari. Aliweka jina la marehemu na miaka yake, halafu akamalizia:

ALIUGUA MIAKA MINNE. TULIMUUZA KWA MOYO MMOJA. SISI NDUGU NA WATOTO WAKE.

Fundi alisoma kutoka nyuma, kwa mazoea. Wake, watoto, na, ndugu, sisi. Mmoja, moyo, kwa. Akafika kwenye neno lile, akaligusa herufi moja moja, na herufi zote zilikuwa halali. Kisha akasoma kwa mbele, na damu ikampanda hadi masikioni.

Alijua hata lilivyotokea. Shangazi alimfundisha: neno likiwa na herufi mapacha zinazokaribiana, jicho la mwandishi mwenye haraka huruka kutoka pacha mmoja hadi mwingine na kumeza kilichopo katikati. U zilifuatana, baba mdogo akaruka, akameza G na U yake. Mtu aliyewahi kuuguza asingeliruka neno hilo hata akiwa na simu mbili. Herufi mbili tu. Fundi angeziongeza kwa penseli kwa muda wa kupiga chafya.

"Umesoma, baba mdogo?" alimwuliza.

"Nimesoma."

"Soma tena. Jiwe halifutiki."

"Mwanangu, mimi nimeandika hotuba za mikutano mikubwa." Akarudi kwenye simu. "Siyo ya inchi tatu, ndugu yangu, nimesema ya nne." Akaweka sahihi, yenye mkia mrefu, akaondoka.

Fundi alikaa na karatasi ile siku nne. Ingekuwa uongo kusema hakufurahi. Alifurahi hadi akaona aibu. Kisasi alichokitafuta miezi minane kimejileta chenyewe, kimevaa kofia, kimetia sahihi. Lakini sheria ya shangazi nayo ilikuwa imesimama mlangoni. Ukiona kosa ukanyamaza. Na jiwe lenyewe si la baba mdogo, ni la yule ambaye hakuvumilia hata ndevu za kinyozi. Je, amlaze Bi Nukta chini ya kosa milele, ili tu Msemaji anyamaze siku moja? Mara mbili alishika penseli. Mara mbili aliirudisha sikioni.

Siku ya tano alitandika karatasi juu ya jiwe jeusi, akawasha taa ya meza, akasoma mara ya mwisho kama alivyofundishwa, kutoka nyuma, kisha kwa mbele. Safari hii alisoma taratibu, na alipofika kwenye "tuli" alisimama kwa muda mrefu. Halafu akachukua patasi. Alilichonga jiwe lile kwa ustadi ambao hakuwahi kuuweka kwenye jiwe lolote, nafasi zimelingana, nukta za duara kamili, maana mwenye jiwe angezikagua.

Ilikuwa saa nne asubuhi walipolisimika, jua kali, watu wengi. Baba mdogo alivuta kitambaa kwa madaha, akageukia watu, mgongo kwa jiwe, akashika kipaza sauti. Hakuhitaji kusoma, maneno alikuwa nayo kichwani.

"Kama mnavyoona tumeandika hapa," alisema, "tulimuuguza kwa moyo mmoja."

Watu waliona. Mstari wa mbele walitazamana. Mtu akakohoa kikohozi ambacho si cha kuumwa. Baba mdogo alidhani wameguswa, akarudia kwa sauti ya juu zaidi, "Kwa moyo mmoja." Ndipo yule mpangaji herufi wa zamani akasogea mbele na fimbo yake, akainama, akapandisha miwani. Kiwandani walikuwa wakikagua wawili wawili, mmoja anasoma kwa sauti kilichopo, mwenzake anafuatisha. Alisoma kwa sauti ile ile ya kazi, isiyopanda wala kushuka.

"Aliugua miaka minne, nukta. Tulimuuza kwa moyo mmoja, nukta. Sisi ndugu na watoto wake, nukta."

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Kilisikika mpaka kwa waliokuwa wamekaa mbali kwenye kivuli. Watu wengi pale waliijua nyumba ya vyumba viwili na baraza, na duka la mabati walilipita kila siku. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kwa baba mdogo kama wangecheka. Aligeuka, akasoma, midomo yake ikitembea, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi amfahamu alikirudisha kipaza sauti mwenyewe bila kuombwa. Fundi alikuwa amesimama nyuma, mahali pale pale aliposimama siku ya mazishi. Aliuonja utamu wa kitu kile wote. Hatutamsingizia wema.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alifika karakana kabla hata mlango haujafunguliwa wote. Hakuwa na simu.

"Umeniua," alisema. "Mke wangu hataki kutoka nje. Jana dukani mtu ameniuliza kama nauza na ndugu au mabati tu."

Fundi alitoa karatasi ya vyumba kwenye mtoto wa meza, akaiweka mbele yake. Baba mdogo aliona mwandiko wake, akaona mkia wa sahihi yake. Alikaa kwenye stuli ya wateja.

"Uliliona," alisema.

"Niliona."

"Na ukanyamaza. Wewe, uliyelelewa na dada. Unasahihisha mpaka matangazo ya waganga, mimi baba yako mdogo ukanyamaza."

"Nilikwambia soma tena."

"Litengeneze. Ongeza hizo herufi."

"Hazina pa kukaa."

"Basi chonga jingine."

"Niambie siku moja uliyomuuguza," Fundi alisema. "Moja tu. Umelisha kijiko kimoja, umefua shuka moja. Nitachonga jingine leo leo, na GU nitaipaka rangi ya dhahabu."

Baba mdogo alitazama mikono yake. Kisha akainua uso, na Fundi akaona kwamba amepata kitu, maana macho yake yalirudi kuwa yale ya kwenye kipaza sauti.

"Haya," alisema polepole. "Niliuza. Lakini soma vizuri kazi yako, fundi. Haijaandikwa 'alimuuza'. Imeandikwa 'tuli'. Ndugu na watoto wake. Nani mtoto wake kama si wewe? Kile kidole alikishika nani?"

Alingoja aone amepiga wapi. Fundi hakuruka wala hakufoka. Aliweka nyundo chini, akapangusa vumbi kwenye viganja, upande huu na upande huu.

"Nilikishika mimi," alisema. "Alisema bado mara tatu, ukamwambia mgeni ndilo neno lake. Wewe hukuwa ukizijua bado zake. Mimi nilikuwa nikizijua zote. Ile ilikuwa bado ya kukataa, baba mdogo. Niliisikia, nikabonyeza."

Baba mdogo aliivuta karatasi yake, akaisoma tena.

"Ungeandika 'alimuuza' ningekusahihisha," Fundi alisema. "Umeandika 'tuli'. Nikasoma kutoka nyuma, nikasoma kwa mbele, sikuona kosa."